Buluu Kuanzia Ukutani Mpaka Bombani

12 Februari

Ndugu yangu Kesho,

"Dada, hayo ni magugu tu. Yaliota kabla yetu na yataota baada yetu. Hayahitaji mtu." Ni maneno yako hayo, kwenye barua yako ya mwezi uliopita, chini ya habari za paka. Nimeyanakili kama yalivyo usije ukasema Wakili kakusingizia. Salamu zitakuja, kwanza nikujibu.

Ni kweli kwamba ua hili la bustani ya Mama lilianza kama gugu kwenye mashamba ya ngano. Hayo niliyasoma kabla wewe hujajua kufunga nati. Lakini ni gugu gani lenye buluu moja tu, kuanzia ukutani mpaka bombani? Liache peke yake misimu michache, uone kama halijakuletea rangi ya waridi, nyeupe na zambarau. Buluu ile ya Mama ni kazi ya mtu. Kila asubuhi maua yanapochanua anatoka na kikombe chake cha chai, anapita mstari kwa mstari, na shina lolote linalofumbua kitu kisicho buluu analing'oa na mizizi yake kabla nyuki hawajaamka. Mashina marefu yenye buluu iliyokolea kuliko yote anayafunga kitambaa chekundu shingoni, na hayo hayakatwi hata aje mgeni gani. Hayo ni ya mbegu. Ameanza hivyo wewe ukiwa mgongoni kwake. Na macho yake yalipoingia ukungu, ni wewe uliyekuwa unatembea mbele yake ukimtajia rangi. Kwa hiyo usiniambie hayahitaji mtu. Yalihitaji watu wawili, na mmoja alikuwa wewe.

Sasa salamu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Wanangu wanaendelea vipi na shule? Huku hatujambo. Mama amezoea ngazi kuliko mimi. Nimempa chumba changu, vitabu nimevihamishia kwenye korido, na jirani wa chini analalamika kwamba dari lake linapiga kelele. Mama bado ni mkunga hata baada ya kustaafu: jana alimshika tumbo mama mmoja wa ghorofa ya tatu pale pale kwenye ngazi, akamwambia, "Wa kiume, na ana haraka." Hakuombwa.

Jicho litafanyiwa upasuaji mwezi Juni. Daktari anasema mtoto wa jicho huiba buluu kabla ya rangi nyingine, na akiondolewa, buluu ndiyo hurudi kwa nguvu kuliko zote. Mama alilibeba hilo safari nzima ya kurudi. Kisha akasema, "Basi nitayaona tena."

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Nitumie mbegu za mashina ya kitambaa ya msimu uliopita. Nina kibaraza chenye jua na makopo matupu ya rangi. Nataka kitu cha kwanza atakachokitazama kwa jicho zima kiwe maua yake mwenyewe. Na yale ya bustanini, anza kupanda. Yeye anahesabu atarudi kwake kabla mwaka haujaisha.

Dada yako,
Wakili


20 Machi

Dada Wakili,

Shikamoo. Na nyingine ya Mama, umfikishie.

Sisi wazima. Mwanao wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele na badala ya kulia anaringa, maana sasa anatema mate mbali kuliko darasa zima. Wifi yako anakusalimu. Anasema barua yako ilikuwa na ukali wa kukausha nguo kambani, na paka kajificha chini ya kabati tangu uliposema habari zake ziko juu ya maneno yangu.

Kazi inaniendea vizuri, Dada. Nina basi zima la kushusha injini, na malori mawili yanasubiri. Zamani ningeyakataa. Unajua udongo wa pale nyumbani ulivyo: unainua gari, jeki inazama, gari linakutafuta kifuani. Siku hizi jeki haizami. Nalala chini ya lori nikipiga mluzi.

Bustani usiwe na wasiwasi nayo. Mahali pake ni pale pale.

Mbegu hizo, nimezifunga kwenye kipande cha gazeti. Unisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa nasema kesho, kesho, unanijua. Mwambie Mama ni zile zile za kitambaa.

Mdogo wako,
Kesho


8 Aprili

Ndugu yangu,

Marahaba. Mbegu zimefika na tumeshazipanda, na mwanangu wa mate mwambie shangazi yake anaomba mashindano.

Mama alisimamia kazi yote akiwa amekaa kwenye kigoda. Nilitoboa matako ya makopo kwa msumari. Nilipotaka kuchanganya samadi kidogo alinizuia: "Ukiyashibisha yanalala." Akazifukia mbegu kina cha ukucha wa kidole gumba, akashindilia udongo juu kwa kiganja, kwa sababu hazioti bila giza. Nikasema tungeziotesha ndani kwanza kisha tuhamishe. Akaniambia ua hili halipendi kuhamishwa, na akanitazama kwa namna ya kunikumbusha kwamba na yeye kahamishwa.

Jambo moja lilimsumbua. Kabla ya kupanda alizisugua mbegu kiganjani kwa muda.

"Hizi zimeoshwa?"

"Mbegu haioshwi, Mama."

"Safi mno. Ndevu zake ziko wapi?"

Nikamwambia labda ulizipepeta sana. "Kesho?" akasema. "Apepete?" Akacheka mpaka akapaliwa.

Sasa nije kwako. Nilikuambia uanze kupanda, ukanijibu habari za jeki. Umeniandikia kwamba mahali pa bustani ni pale pale. Mahali hapaendi popote, ndugu yangu, hata mwanafunzi wa darasa la kwanza anajua. Mimi naulizia kilicho juu yake. Umeshapunguza miche? Umefunga kamba za kuyashikilia, maana kwenye upepo yanalala chali? Na wodi ya wazazi, nani anapeleka maua sasa? Mama ameuliza. Alipokuwa kazini na hata baada ya kustaafu, hakuna mzazi pale aliyekosa ua moja la buluu kwenye glasi kando ya kitanda. Anauliza kama glasi zipo au zimegeuzwa za dawa.

Ninamsomea barua zako kwa sauti. Sitaki kuanza kuruka mistari.

Wakili


27 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta na homa, kisha mvua, kisha lile basi. Wodini sijapita. Watoto wazima.

Mwambie Mama tunamwombea jicho. Akiuliza habari za nyumbani, mwambie mazuri. Nitakuandikia vizuri nikipata nafasi.

Kesho


19 Juni

Ndugu yangu,

Marahaba, ingawa leo inatoka kwa shida.

Upasuaji ulikwenda salama. Nilikaa na Mama hospitali siku zote hizo, nikilala kwenye kiti, huku jirani wa chini, yule yule mlalamishi, akimwagilia makopo yetu. Tulipoondoka nyumbani vitumba vilikuwa bado vimefumba kabisa, vya kijani, vigumu kama punje za pilipili manga. Bendeji ilipotolewa, Mama alivaa miwani ya giza na kukataa kutazama chochote. Si uso wa daktari, si uso wangu. "Usinionyeshe kitu mpaka nifike kwenye makopo," akasema. Nikamshika mkono ngazi zote akitazama chini kama bibi harusi.

Tukafika kibarazani. Akavua miwani.

Kopo la kwanza, waridi. La pili, nyeupe. La tatu, rangi ya damu ya mzee. Moja tu kule mwisho lilikuwa na zambarau hafifu, rangi ya wino uliomwagikiwa maji.

Mama aliyapitia yote tena, kopo kwa kopo. Kisha akavaa tena miwani yake, akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Daktari amekosea," akasema, kwa ile sauti yake ya kumpa mzazi habari mbaya. "Buluu haijarudi. Imekwenda."

Unasikia, Kesho? Nisomee mwenyewe hapo mara ya pili. Mama yako alidhani amepofuka. Jicho limefunguliwa, linaona hadi vumbi la mabawa ya nzi, naye amekaa kwenye kigoda akiliaga. Nilikimbia jikoni nikaleta ndoo.

"Hii rangi gani?"

"Buluu."

Nikavuta kanga yangu. "Na hii?"

"Buluu."

"Basi unaiona, Mama."

Akaitazama ndoo. Akayatazama makopo. Nilimwona akifika taratibu pale nilipokuwa nimeshafika mimi. Akaniuliza nani kaleta mbegu hizi. Alijua nani. Alitaka nimjibu vingine.

Usije ukaniambia habari za nyuki. Nimeshakuandalia majibu. Nyuki wanaweza kuchanganya rangi, lakini hawawezi kufupisha shina. Maua ya Mama hunifika kifuani, membamba, yenye vichwa vyepesi. Haya yananifika magotini, na kila kichwa kimejazwa petali kama shashi iliyokunjwa. Haya yametoka kwenye pakiti. Yamenunuliwa dukani, mtu kachana karatasi, kamimina kwenye kipande cha gazeti, akakaa mezani akaandika "ni zile zile za kitambaa".

Nimeandika magazetini miaka mingi. Nimegombana na mawaziri, maprofesa na wenye viwanda, na wote wamenidanganya. Hakuna aliyenidanganya kwa kumtumia mama yangu mgonjwa. Hiyo umeibuni wewe.

Safari hii sikuulizi miche wala kamba. Nakuuliza swali moja. Bustani ya Mama iko wapi?

Wakili


10 Julai

Dada,

Shikamoo. Leo sina utani.

Bustani iko chini ya zege. Kuanzia ukutani mpaka bombani. Tuliimwagia wiki ile ile Mama alipoondoka. Yalikuwa yamekauka, msimu umeisha, ni vijiti tu vimesimama, na mimi nina kazi nazikataa kwa sababu ya jeki. Umewahi kulala chini ya gari, Dada? Wewe unajua kila kitu, lakini hujawahi kusikia chuma kikilia juu ya uso wako. Mara ya mwisho niliwahi kujitoa kwa tabu. Buti langu lilibaki.

Mbegu nilitaka kuzichuma. Mashina ya kitambaa yalikuwa yananingoja, makavu kabisa. Nikasema nitayachuma kesho. Gari la kokoto likaja mapema kuliko tulivyopatana, na mafundi hawakuwa na subira. Nilikuwa chini ya lori, nikasikia makoleo. Nilipotoka niliona kitambaa kimoja chekundu, na fundi akakimwagia.

Barua yako ya kuomba mbegu ilipofika nilikaa nayo muda. Kisha nikaenda dukani. Naapa, Dada, picha kwenye pakiti ilikuwa ya buluu. Sikugeuza nyuma kusoma.

Sikujua kwamba angedhani amepofuka. Hilo limenilaza macho wazi.

Lakini usinipige peke yangu. Mama alijua. Alinipa mwenyewe, akiwa amesimama mlangoni na begi lake. Nilimwomba, akakubali, akasema, "Dada yako asijue, ataleta vita." Muulize. Umebeba silaha miezi yote hii kwa ajili ya mtu aliyekwisha kubali.

Kesho


25 Julai

Ndugu yangu, na wewe wifi yangu, maana hii ni yenu wote wawili,

Hamjambo? Watoto hawajambo? Huku tunaishi.

Nimemwuliza. Alikuwa kibarazani anakata vichwa vya yale ya pakiti vilivyokauka, kwa sababu mikono yake haijui kuacha ua liharibike, hata la uongo.

"Kesho anasema ulimpa bustani."

Hakugeuka. "Nilimpa pembe ya langoni. Pale ninapoanika magodoro. Mahali pa gari moja."

"Na ulimwambia mimi nisijue?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu jambo likifika kwako halibaki dogo tena."

Kaka wa watu, hayo nimeambiwa mimi. Mimi. Mama amekaa chumbani kwangu, amekula mezani kwangu, amenisikiliza nikisoma barua zako kwa sauti na kukutukana kwa heshima, na muda wote alikuwa na kipande chake cha siri kwenye mfuko wa gauni. Mlikubaliana nyinyi wawili mlangoni kwamba mimi ni wa kufichwa. Hilo nalibeba, na sijui nitaliweka wapi. Siwezi hata kumgombeza. Jicho halijapona vizuri.

Lakini sikubali uitumie pembe ya langoni kufunika ukuta hadi bomba. Alikupa mahali pa gari moja, ukachukua mahali pa malori mawili na basi. Na kuna sentensi umeiruka. Nimeipata kwake. Alikwambia, pale pale mlangoni: "Chuma mbegu kwanza." Hukuiandika. Barua nzima ya kuungama, na hiyo ndiyo pekee iliyokosa nafasi.

Zege nalielewa. Usishangae. Fundi anahitaji sakafu ngumu, na mimi sitaki kuzika mdogo wangu kwa ajili ya ua. Ungeniambia "Dada, jeki inazama," ningeandika barua kali kurasa nne, kisha ningenyamaza. Pakiti siielewi. Miaka ile ya ukungu ulikuwa unatembea mbele yake ukisema, "Hili waridi, Mama, hili buluu, hili liache," naye aling'oa na kuacha kwa neno lako tu. Mtu aliyeyaamini macho yako namna hiyo, ulimtumia rangi za dukani ukamwambia ni zake.

Barua yako sikumsomea. Nilimpa. Anasoma mwenyewe sasa, bila miwani, anashika karatasi mbali kidogo. Alisoma yote, akarudia pale pa kitambaa kilichomwagiwa. Nilingoja alie au akulaani. Akaniuliza, "Kwenye mtaro wa bomba, ameangalia?"

Sikumwelewa. Akanieleza kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake wa ukunga. Mbegu za maua haya hubebwa na sisimizi, huangushwa na ndege, na mvua huzisukuma kwenye mtaro. Kila mwaka aling'oa mawili matatu yaliyojiotea huko chini ya ukuta wa jirani, kwenye ufa. Mvua imenyesha, umeandika mwenyewe.

Basi sikieni. Naacha kubishana, sasa nadai.

Wewe, Kesho, toka chini ya gari. Ondoa basi na chochote kilichoegeshwa karibu na bomba. Piteni ukingo wote wa zege lenu, wewe na mke wako, kuanzia ukutani, mtaroni, na kwenye kila ufa, mkiwa mmeinama. Mnatafuta jani jembamba la kijivu-kijani lenye manyoya laini. Mkilipata, lisikanyagwe wala lisimwagiwe oili. Likichanua kitu kisicho buluu, ling'oeni kabla nyuki hawajaamka. Likichanua buluu, lifungeni kitambaa, na liachwe mpaka likauke lenyewe.

Kitambaa kimo humu ndani ya bahasha. Mama amekichana kwenye upindo wa gauni lake jekundu, kwa mikono yake, akitazama anachofanya.

Mimi usiniandikie tena habari za bustani. Mwandikie yeye. Na kama mmetafuta na hakuna shina la kukifunga, kitambaa hicho msikitume kwa posta. Panda basi linalotembea, ukilete mwenyewe, usimame mbele yake kibarazani penye mwanga, umpe mkononi, na usiondoke mpaka amemaliza kukutazama.

Wakili